Kuotesha skabiosa za kudumu kwa mbegu, kutoka trei hadi bustanini

Fundi cherehani huwa na kimto kidogo cha kuchomekea pini, na ukishakiona kimejaa huhitaji kuelezwa kwa nini skabiosa huitwa ua la kimto cha pini. Kinachoonekana kama ua moja ni kichwa chenye vijiua vingi vilivyobanana. Vya pembeni vimetandaza petali pana zilizokunjamana kidogo, kama hariri iliyoanuliwa kambani na bado haijapigwa pasi. Vya katikati ni vifupi, na kila kimoja kikifunguka kinatoa stameni nne zinazosimama juu ya wenzake, kila stameni na kitone cha chavua nchani. Hizo ndizo pini. Nyuki na vipepeo huzipenda sana. Kichwa kimoja kinaweza kumshughulisha nyuki dakika nzima akizunguka tu pale pale.

Nimeotesha maua haya kwa mbegu kwa miaka kadhaa sasa, na makosa niliyoanza nayo ndiyo ninayoyaona kwa karibu kila anayeanza: maji mengi, mbolea nyingi, udongo mzito, na kuchoka kusubiri mapema mno. Skabiosa ya kudumu inataka jua, udongo usiotuamisha maji, na muda. Ukiipa hayo matatu tangu kwenye trei, haina usumbufu mwingine mkubwa.

Hatua ya 1: Soma jina la kisayansi kwenye pakiti

Anza hapa, hata kama pakiti ina picha nzuri. Mbegu nyingi zinazouzwa kwa jina la "skabiosa" peke yake ni za Scabiosa atropurpurea, ambayo kwa kawaida hupandwa kama ua la msimu mmoja: inaota, inachanua, inatoa mbegu, inakufa. Ni ua zuri, na rangi zake hufika hadi zambarau iliyokolea karibu kuwa nyeusi, lakini ukiipanda ukitarajia irudi mwaka baada ya mwaka utadhani umeiua wewe. Kuna pia ile inayoitwa Scabiosa stellata, ambayo wataalamu sasa huiita Lomelosia stellata, inayopandwa kwa ajili ya vichwa vyake vya mbegu vilivyokauka kama mipira ya karatasi. Nayo ni ya msimu mmoja.

Za kudumu zinazooteshwa kwa mbegu bila shida kubwa ni hizi.

Scabiosa caucasica, yenye asili ya milima ya Kaukazi, Uturuki na kaskazini mwa Iran, ndiyo yenye maua makubwa kuliko zote, sentimita 7 hadi 8 kwa upana, ya samawati inayoelekea zambarau au meupe, juu ya mabua yaliyonyooka ya sentimita 60 hivi. Kwa anayetaka maua ya kukata na kuweka kwenye chombo, hii ndiyo yenyewe. Tafuta mbegu za Fama, Perfecta, au Perfecta Alba iliyo nyeupe. Mchanganyiko uitwao House's Hybrids nao ni mzuri. Unabeba jina la Isaac House, mkulima wa maua wa Bristol, Uingereza, aliyejulikana kwa kuboresha aina hii. Udhaifu wa caucasica ni mmoja: haipendi joto kali lililochanganyika na unyevu wa hewani.

Scabiosa columbaria ni ya nyanda za majani za Ulaya, hasa penye udongo wa chokaa. Maua yake ni madogo, sentimita 3 hadi 4, ila ni mengi na huendelea kutoka kwa miezi. Ukiisia mapema inaweza kuchanua mwaka huo huo, jambo ambalo caucasica hulifanya mara chache. Kama hujawahi kuotesha mmea wa kudumu kwa mbegu, anza na hii.

Scabiosa ochroleuca hutoa maua ya manjano hafifu, rangi ya krimu, kwenye vikonyo vyembamba vinavyoyumba kwa upepo mdogo tu. Mche mmoja hauishi sana, lakini hujiangushia mbegu na miche mipya huchipua jirani. Kwa ukingo wa kitanda au kwenye chungu kuna Scabiosa japonica aina ya alpina, fupi, isiyozidi sana sentimita 20.

Neno "kudumu" nalo lisikudanganye. Skabiosa hizi huishi miaka mitatu, minne, mitano hivi, kisha huchoka. Ndiyo maana kujua kuziotesha kwa mbegu kuna faida: kila baada ya miaka miwili unakuwa na miche michanga ya kurithi nafasi ya wazee.

Jambo moja la mwisho kuhusu majina. Butterfly Blue, iliyochaguliwa na chama cha mimea ya kudumu cha Marekani kuwa mmea wa mwaka 2000, na Clive Greaves, ile caucasica maarufu ya samawati, huzalishwa kwa vipandikizi au kwa kugawa mashina. Ukichukua mbegu zake utapata skabiosa, lakini si lazima iwe kama mama yake.

Hatua ya 2: Ijue mbegu, kisha ijaribu

Mimina mbegu chache kiganjani, mahali penye mwanga. Kila moja ni kama kibuyu kidogo chenye mifereji, na juu yake kuna kola nyembamba iliyochanua, laini kama karatasi ya kitunguu. Katikati ya kola vinatokeza vinywele vitano vigumu vya rangi ya kahawia nzito. Kola hiyo hushika upepo na kuipeleka mbegu mbali kidogo na mama yake. Usihangaike kuitoa. Huwa inaoza yenyewe, na ukiivuta unaweza kuijeruhi mbegu.

Mbegu za skabiosa hazikai sana. Mbichi za mwaka huu huota vizuri. Za miaka miwili au mitatu nyuma huota kwa kusitasita au haziotesheki kabisa. Niliwahi kununua pakiti isiyo na tarehe, nikasia mbegu arobaini, zikaota tatu. Nililaumu udongo wangu, nikabadilisha mchanganyiko, nikasia pakiti ya pili kutoka pale pale, zikaota mbili. Wiki nane za msimu zikawa zimekwenda kabla sijafikiria kuipima mbegu yenyewe.

Kuipima ni rahisi. Chukua mbegu kumi, zipange juu ya karatasi laini ya jikoni iliyoloweshwa na kukamuliwa, ikunje, iweke ndani ya mfuko wa plastiki usiofungwa kwa kukaza, na iache mahali penye joto la kawaida la chumba. Fungua kila baada ya siku tatu uangalie. Baada ya wiki mbili na nusu, hesabu zilizotoa kimzizi cheupe. Zikiwa sita au zaidi, endelea bila wasiwasi. Zikiwa tatu hadi tano, sia mbegu nyingi zaidi ya unazohitaji. Zikiwa chini ya hapo, tafuta mbegu nyingine. Zilizoota kwenye karatasi usizitupe; zichukue taratibu kwa ncha ya kijiti uzipande.

Hatua ya 3: Chagua wakati

Penye majira ya baridi yenye barafu, una njia mbili. Ya kwanza ni kusia ndani ya nyumba au kwenye kibanda cha plastiki, wiki nane hadi kumi kabla ya baridi ya mwisho, ili miche itoke nje ikiwa imeshikana. Ya pili ni kusia majira ya joto yanapoelekea mwisho, kwa mbegu mbichi kabisa, na kuacha miche ipite kwenye baridi ikiwa kwenye vikopo mahali pasiponyeshewa. Miche ya namna hii huchanua mwaka unaofuata ikiwa na nguvu sana.

Pasipo na barafu, fuata joto badala ya kalenda. Sia pale joto kali linapoanza kupungua, ili miezi ya kwanza ya miche iangukie kipindi cha ubaridi. Mche wa skabiosa wenye majani manne tu ukikutana na jua la kiangazi kikali husimama ukuaji, na mara nyingi hauamki tena. Na kama unaishi mahali pa joto na unyevu mwaka mzima, acha caucasica. Jaribu columbaria, mpe jua la asubuhi na kivuli chepesi alasiri, na mwinulie tuta.

Hatua ya 4: Kusia

Unahitaji trei au vikopo vyenye matundu chini, mboji iliyoiva na kuchekechwa, na mchanga mkavu wa chembe kubwa. Changanya mboji mbili kwa mchanga mmoja. Samadi isiingie humu kabisa, hata ile iliyokaa mwaka. Miche ya skabiosa ikipata chakula kingi utotoni huwa mirefu, laini na hulala chini. Kamata mchanganyiko mkononi uubane: ukishikana kisha ukavunjika ukiugusa kwa kidole, uko sawa. Ukibaki bonge, ongeza mchanga.

Jaza trei, isawazishe kwa ubao mdogo bila kuishindilia, kisha iweke ndani ya beseni lenye maji ya kina cha vidole viwili. Acha maji yapande yenyewe kutoka chini mpaka uso wa udongo ubadilike rangi. Itoe, iache ichuruzike kwa nusu saa. Ukimwagilia kwa juu baada ya kusia, mbegu zenye kola huelea na kujikusanya kona moja, na utapata kichaka upande mmoja na jangwa upande wa pili.

Panga mbegu moja moja, sentimita 2 hadi 3 kati yake. Ni kubwa kiasi cha kushikika kwa vidole, kwa hiyo hakuna haja ya kurushia. Zisukume kidogo, upande wa kola ukiwa juu, au zilaze tu. Zifunike kwa mchanganyiko ule ule mkavu, unene wa milimita 3 basi. Hapa ndipo huruma huponza: mtu anaona mbegu imechungulia, anaongeza udongo, anaongeza tena. Kola ikichungulia iache. Iliyofukiwa sentimita mbili hutumia nguvu zake zote njiani na haifiki juu.

Mwisho, andika aina na tarehe kwenye kibao na ukichomeke. Miche ya caucasica na columbaria ikiwa na wiki tatu inafanana mno.

Hatua ya 5: Siku za kusubiri

Funika trei kwa plastiki inayopitisha mwanga, iweke mahali pa joto la nyuzi 15 hadi 20 za Selsiasi, penye mwanga lakini si kwenye jua la moja kwa moja, kwa sababu chini ya plastiki jua huchemsha udongo. Kila asubuhi iinue plastiki kwa dakika chache. Ukiona matone makubwa yananing'inia ndani, kuna unyevu kupita kiasi. Iache wazi mpaka yakauke.

Columbaria huanza kuchomoza kati ya siku ya kumi na ya kumi na nne. Caucasica huchukua hadi wiki tatu, na haitoki kwa pamoja. Wawili leo, mmoja kesho, kimya kwa siku nne, kisha watano. Usitupe trei kwa sababu ya ukimya huo. Nimewahi kuona mche ukichomoza wiki ya sita, wenzake wakiwa wamekwisha kuhamishwa.

Kama wiki nne zimepita na hakuna kitu, na mbegu zilifaulu jaribio la karatasi, ifunge trei kwenye mfuko uiweke ndani ya friji kwa wiki mbili au tatu, sehemu ya mboga na si ya kugandishia, kisha irudishe kwenye joto. Baadhi ya mbegu, hasa zilizokusanywa kwenye mimea ya porini, zinangoja baridi ipite ndipo ziamke.

Miche ya kwanza ikitokeza, ondoa plastiki siku hiyo hiyo. Wahenga walisema kulea mimba si kazi, kazi ni kulea mwana, na kwenye skabiosa kazi inaanza sasa. Adui wa wiki hizi ni kinyausi, ukungu unaokata shina pale linapotoka ardhini; jioni mche umesimama, asubuhi umelala kama uliokatwa kwa uzi. Hauna tiba ukishaingia. Unazuiwa kwa hewa inayopita, kwa miche isiyobanana, na kwa kumwagilia kutoka chini tu, pale uso wa udongo unapoanza kupauka. Mimi hunyunyiza mchanga mkavu mwembamba juu ya udongo mara miche inapotokeza, ili shingo zake zikae pakavu, na tangu nianze hivyo nimepoteza miche michache sana.

Hatua ya 6: Kuhamishia kwenye vikopo

Majani mawili ya mwanzo ni ya mbegu: laini, ya mviringo, hayana meno. Yanayofuata ndiyo majani halisi, yana vinyweleo na kingo zenye meno kidogo. Jozi ya pili ya majani halisi ikitoka, hamisha kila mche kwenye kikopo chake cha sentimita 8 au 9.

Shika jani, usishike shina. Jani likichanika litaota jingine. Shina likibonyea, mche umekwisha. Ingiza kijiti chini ya mizizi, uinue pamoja na udongo wake, uuteremshe kwenye shimo ulilokwisha kulitengeneza. Angalia kina: mahali majani yanapotokea kwenye mzizi pawe usawa wa udongo, pasifukiwe. Skabiosa huota majani yake kwa duara, karibu na ardhi, na kitovu hicho cha katikati ndicho kinachooza kikifunikwa. Nikisema kweli, hili ndilo jambo ninalolikagua mara mbili kwa kila mche, hapa na tena siku ya kupanda bustanini.

Waache kwenye vikopo wiki tano hadi saba, mahali penye mwanga mwingi. Mbolea ya maji mara moja, iliyozimuliwa nusu ya kipimo, inatosha.

Hatua ya 7: Kuizoesha nje

Miche iliyolelewa ndani haijui upepo wala jua kamili. Kwa siku kumi hivi, itoe nje: siku ya kwanza saa mbili kivulini, kisha uongeze saa na jua kidogo kidogo, mpaka ilale nje usiku mzima. Majani yakipauka kama yamemwagiwa maziwa, jua limezidi. Rudi nyuma siku mbili.

Hatua ya 8: Kitanda chao

Chagua mahali panapopata jua si chini ya saa sita kwa siku. Kisha pima jinsi maji yanavyopotea. Chimba shimo la sentimita 30 kwenda chini na upana huo huo, lijaze maji, liache likauke, lijaze tena. Ujazo wa pili ukiisha ndani ya saa chache, uko salama. Ukikuta maji bado yamesimama kesho yake, usipande hapo kabla ya kuinua tuta la sentimita 20 au 25 na kuchanganya mchanga wa chembe kubwa, kokoto ndogo na mboji. Hata penye theluji, skabiosa nyingi huuawa na udongo uliolowa majira ya baridi kuliko baridi yenyewe. Caucasica huvumilia barafu vizuri sana ikiwa mizizi yake iko pakavu.

Pima pia uchachu wa udongo. Mmea huu unapenda pH ya 6.5 hadi 7.5, yaani wa wastani au wenye chokaa kidogo. Udongo wako ukiwa mchachu, tandaza chokaa ya kilimo wiki kadhaa kabla ya kupanda, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye mfuko, uichanganye na udongo wa juu. Usikisie kwa macho, kwa sababu chokaa iliyozidi ni vigumu kuiondoa.

Panda jioni au siku ya mawingu. Nafasi kati ya mche na mche iwe sentimita 30 kwa columbaria na 40 hadi 45 kwa caucasica. Utaona uwazi mkubwa na utatamani kuziba. Vumilia, maana hewa inayopita kati yao ndiyo inayozuia ukungu wa majani baadaye. Shindilia kwa vidole, mwagilia kila mche taratibu chini yake, kisha weka matandazo ya kokoto ndogo kuzunguka kitovu. Majani makavu au mboji kama matandazo ni mazuri kwa mimea mingine. Hapa huhifadhi unyevu pale pale usipotakiwa, kwa hiyo kama utayatumia yaanzie upana wa kiganja kutoka kwenye mche.

Kwenye chungu kanuni ni hiyo hiyo: matundu makubwa chini, mchanganyiko wenye mchanga, na sahani ya chini isiachwe na maji.

Hatua ya 9: Mwaka wa kwanza

Wiki tatu za kwanza mwagilia kila udongo unapokauka kwa kina cha pingili ya kidole. Baada ya hapo punguza: maji mengi mara moja kwa wiki pasiponyesha ni bora kuliko kidogo kila siku, kwa kuwa mizizi huyafuata chini. Mbolea ni mboji kiasi cha viganja viwili kwa kila mche mara moja kwa mwaka, msimu wa kukua unapoanza. Ukiongeza mbolea yenye naitrojeni nyingi utapata majani mazito na maua machache.

Caucasica mwaka huu huenda isikupe ua hata moja. Itakaa kama duara la majani ya kijani kijivu, na chini inajenga mizizi. Mgeni akiitazama ataiona kama gugu, kwa hiyo kibao chako kibaki pale. Wengi wamezing'oa wenyewe wakati wa palizi. Ikijaribu kutoa kikonyo kimoja cha ua kikiwa chembamba sana, mimi hukikata. Inaumiza, lakini mwaka wa pili hulipa kwa vikonyo vingi.

Hatua ya 10: Maua yakianza

Tumba hutokea bapa, kijani, kama kifungo cha shati. Siku chache baadaye kingo zinapata rangi, kisha petali za nje zinafunguka. Kwa ajili ya chombo cha ndani, kata asubuhi ua linapokuwa limefunguka nusu, petali za nje zimetanda na katikati bado kumefumba. Kata kikonyo chini kabisa, hadi kwenye majani, ukiacha tumba za pembeni zilizo tayari kuchipua. Kwenye maji safi yanayobadilishwa kila siku mbili ua hukaa karibu wiki moja.

Yaliyobaki bustanini, yakate yanyaukapo. Kazi hii ndiyo inayoongeza msimu wa maua zaidi ya mbolea yoyote, kwa sababu mmea uliokwisha kufunga mbegu huona umemaliza. Kuna mtego mdogo: tumba changa na kichwa kilichomaliza kuchanua hufanana kwa haraka haraka. Tumba ni bapa na imekaza. Kichwa kilichomwaga petali ni cha mviringo, kimevimba kama kuba, na ukikigusa kinakwaruza kidole kwa vile vinywele vya mbegu. Nimekata tumba nyingi kabla vidole vyangu havijajua tofauti.

Yanayoweza kuharibika

Wadudu si wengi. Koa na konokono hupenda majani machanga. Kagua usiku kwa tochi uwaokote, hasa wiki mbili za kwanza baada ya kupanda. Vidukari wakijaa kwenye vikonyo, wapige kwa maji ya kasi au uwapanguse kwa vidole. Majani yakifunikwa na vumbi jeupe kama unga, huo ni ubwiri unga. Kata yaliyoathirika, achanisha mimea, na mwagilia chini badala ya juu ya majani.

Mmea wote ukinyauka huku udongo umelowa, usiongeze maji. Ung'oe uangalie: mizizi myeupe na migumu inaweza kuokolewa kwa kuhamishiwa pakavu, mizizi ya kahawia inayoteleza mkononi imeoza.

Hatua ya 11: Kugawa, na kuvuna mbegu zako

Baada ya miaka mitatu au minne katikati ya shina huanza kuwa pagumu na maua hupungua. Mwanzoni mwa msimu wa kukua, majani mapya yakiwa na urefu wa kidole, chimbua mmea mzima, ukate kwa kisu kikali vipande vyenye machipukizi na mizizi, utupe sehemu kavu ya kati, upande upya vipande vya pembeni kwa kina kile kile cha zamani.

Kwa mbegu, chagua mimea miwili au mitatu iliyo bora na uache vichwa vyake bila kukata kuelekea mwisho wa msimu. Kichwa hubadilika kutoka kijani kuwa rangi ya majani makavu. Siku isiyo na umande, kifikiche taratibu kwa kidole gumba: mbegu zikiachia zenyewe, zimekomaa, zikishikilia, rudi baada ya siku tatu. Usichelewe sana, maana upepo mmoja wa mchana hutawanya kichwa chote. Kumbuka kwamba caucasica ikiwa jirani na caucasica ya rangi nyingine, watoto wanaweza kuja na rangi yoyote kati ya hizo.

Zianike kwenye karatasi ndani ya nyumba kwa wiki moja, mbali na jua. Nusu zisie mara moja, zikiwa na nguvu zake zote. Nusu nyingine itie kwenye bahasha ya karatasi, uihifadhi mahali pakavu na pa baridi, na uandike aina na mwaka juu yake kabla hujaifunga.